Nikola Tesla: Mvumbuzi aliyeifanya mashua imtii bila waya

Wiki chache zilizopita tulipokea ujumbe wa msikilizaji wetu mmoja, kijana aliyetengeneza ndege ndogo ya mfano kwa lile povu gumu linalofungiwa friji na televisheni. Mota anayo, mabawa anayo, betri imejaa. Rimoti aliinunua kwa mtu. Moduli ya kurushia mawimbi, ile inayochomekwa nyuma ya rimoti, akaipata kwa mtu mwingine. Risiva ya kukaa ndani ya ndege akaiagiza mjini. Vyote vimeandikwa 2.4. Akiwasha, taa ya risiva inametameta tu na ndege haitikisi hata mkia. Alitaka sisi watu wa redio tumweleze tatizo liko wapi.

Swali tulilipeleka kwa fundi mitambo wetu. Jibu lake lilikuwa fupi: transmita na risiva hazijatambuana. Kukaa kwenye masafa yaleyale hakutoshi. Ni kama watu wawili wamekutana chini ya mti mmoja, mmoja anasema Kihaya na mwingine Kimakonde.

Tulipoanza kutafuta nani wa kwanza kulifikiria jambo hili, tulifika kwa mtu ambaye wengi wetu jina lake tunalisikia kwenye magari ya umeme. Kampuni ya magari hayo iliazima jina tu. Mwenyewe aliitwa Nikola Tesla, na alifariki mwaka 1943.

Mtoto wa kijijini

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan. Leo kijiji hicho kipo nchini Croatia, lakini wakati ule eneo lote lilikuwa chini ya himaya ya Austria. Familia yake ilikuwa ya Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox. Mama yake, Đuka, hakusoma shule, ila alikuwa fundi wa kujitengenezea vifaa vya nyumbani, na kichwani alihifadhi mashairi marefu ya kwao bila kukosea. Tesla alipokuwa mtu mzima alisema wazi kwamba akili ya uvumbuzi aliitoa kwa mama.

Baba alitaka mwanawe awe kasisi kama yeye. Kijana hakutaka, lakini kumkatalia baba halikuwa jambo rahisi. Alipomaliza sekondari akaugua kipindupindu, akalala kitandani miezi mingi, mara kadhaa akidhaniwa hatapona. Katika hali hiyo baba akamwahidi kwamba akipona atampeleka chuo cha uhandisi. Alipona, na ahadi ikatimizwa. Mwaka 1875 alianza masomo mjini Graz, Austria.

Alianza vizuri sana, kisha akaharibu. Aliingia kwenye kamari, akapoteza fedha, na chuo hakukimaliza. Tunaliandika hili kwa sababu simulizi nyingi za Tesla humfanya malaika, na hakuwa.

Umeme, kwa kifupi

Habari ya umeme wa Tesla inajulikana kuliko nyingine zote, kwa hiyo hatutakaa sana hapo. Mwaka 1882 akiwa Budapest, akitembea bustanini na rafiki, alipata wazo la mota inayozungushwa na umeme wa mkondo geu, yaani ule unaobadilisha mwelekeo mara nyingi kwa kila sekunde. Akaenda Paris, na mwaka 1884 akavuka bahari hadi New York akiwa karibu hana kitu mfukoni. Alifanya kazi kwa Thomas Edison kwa miezi michache, wakaachana. Kuna kipindi alichimba mitaro kwa vibarua ili ale. Mwaka 1888 tajiri George Westinghouse alinunua haki za uvumbuzi wake, na mwaka 1893 maonyesho makubwa ya Chicago yakawashwa taa kwa mkondo geu. Miaka mitatu baadaye umeme kutoka maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo. Umeme unaofika kijijini kwako kwa nguzo na nyaya ndefu ni wa aina hiyohiyo.

Sasa alikuwa mtu maarufu. Kisha, tarehe 13 Machi 1895, karakana yake jijini New York iliungua moto. Mashine, michoro, majaribio ya miaka, vyote vikaisha, na hakuwa na bima. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alianza upya kwenye jengo jingine, Mtaa wa East Houston, na ni humo ndimo alimotengeneza kitu kinachotuhusu leo.

Mashua ya mwaka 1898

Mwaka 1898 Tesla alionyesha watu mashua ndogo ya chuma ndani ya bwawa la maji, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Ndani ya mashua kulikuwa na betri, mota moja ya kuzungusha pangaboi, mota nyingine ya kugeuza usukani, na taa juu. Waya haukuwepo. Tesla alisimama pembeni na kisanduku chenye mkono wa kugeuza, na mashua ikaenda, ikakata kona, ikawasha na kuzima taa.

Kumbuka mwaka huo ni 1898. Hakukuwa na kituo chochote cha utangazaji wa redio duniani. Watu hawakuwa hata na neno la kuita jambo walilokuwa wakiliona. Wapo waliodhani ni uchawi, wapo waliosema mashua inaongozwa kwa mawazo, na wapo walioamini kuna nyani aliyefundishwa amefichwa ndani. Tesla mwenyewe alipenda mizaha. Inasimuliwa kwamba aliwaambia watazamaji waiulize mashua maswali ya hesabu, kisha yeye kwa siri akawasha taa zake idadi ya jibu. Pengine kama angewaeleza kwa utulivu jinsi kifaa kinavyofanya kazi, wangemwelewa mapema zaidi. Hayo ni maoni yetu.

Kilichokuwa ndani ya mashua kilikuwa hivi. Kulikuwa na kikopo kidogo chenye chembechembe za madini. Kwa kawaida chembe hizo hazipitishi umeme vizuri. Wimbi la redio likifika, zinashikamana na kuruhusu umeme upite, na mota inapata amri. Shida ni kwamba zikishikamana haziachani zenyewe, sharti zitikiswe. Tesla aliweka mtambo mdogo kama wa saa, ambao baada ya kila amri uliupindua mkopo juu chini, ukawa tayari kupokea amri nyingine.

Kila ishara ilisogeza gurudumu la swichi hatua moja: kushoto, simama, kulia, simama. Mwongozaji alipaswa kukumbuka gurudumu limefika wapi. Akisahau, alitaka kulia akapata kushoto. Wanaorusha ndege za mfano leo wanavyosukuma kijiti na bawa likafuata palepale, wana raha ambayo Tesla hakuwa nayo.

Hati ya kulinda uvumbuzi wake, ambayo kwa Kiswahili tunaiita hataza, ilitolewa na serikali ya Marekani tarehe 8 Novemba 1898, na namba yake ni 613,809. Tesla alisimulia baadaye kwamba mkaguzi wa ofisi ya hataza hakuamini maandishi, akaja New York kuiona mashua kwa macho yake kabla ya kukubali.

Swali la adui

Mwaka huohuo Marekani ilikuwa vitani na Hispania, na Tesla aliona mashua yake inaweza kubeba baruti hadi kwenye meli ya adui bila mtu ndani. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Kama mashua inasikiliza wimbi, nini kitamzuia adui kurusha wimbi lake na kuigeuza mashua irudi kwako?

Hili ndilo swali la kijana wetu, limegeuzwa tu upande wa pili. Yeye anataka risiva imsikilize na haimsikilizi. Tesla alitaka risiva imsikilize yeye na isimsikilize mwingine yeyote. Yote mawili yanahusu jambo moja: transmita na risiva zijuane.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha masafa. Tesla alikuwa ameshaifikiria. Katika hataza aliyoiomba mwaka 1897 na kupewa mwaka 1900, alieleza saketi nne, mbili upande wa kurusha na mbili upande wa kupokea, zote zikirekebishwa zitetemeke kwa mwendo mmoja. Ukizungusha kitufe cha redio yako kututafuta sisi, unafanya kazi hiyo. Unairekebisha saketi ya redio ilingane na ya mtambo wetu, na stesheni nyingine zinapita pembeni.

Lakini kulinganisha masafa peke yake ni mlango usio na kufuli. Adui anaweza kuzungusha kitufe chake polepole hadi akupate. Kwa hiyo Tesla akaongeza jambo la pili. Mwezi Julai 1900 aliomba hataza mbili, zikatolewa mwaka 1903. Wazo lilikuwa transmita irushe mawimbi ya masafa mawili au zaidi kwa pamoja, na risiva iwe na saketi moja kwa kila moja. Wimbi moja likifika peke yake, risiva inakaa kimya. Lazima yote yafike ndipo swichi ifunge. Mfano wa karibu ni sanduku lenye makufuli mawili, ambapo ufunguo mmoja haukufikishi popote.

Kuna jambo hapa ambalo lilitusikitisha tulipolisoma. Miaka zaidi ya ishirini baada ya mashua, Tesla alieleza kwamba mashua zake tangu mwanzo ziliongozwa kwa saketi kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja. Lakini kwenye hataza ya 1898 alionyesha saketi moja tu, ya kawaida, kwa ushauri wa wanasheria wake, kwa kuwa njia yake ya kuzitambulisha risiva ilikuwa bado haijalindwa kisheria. Yaani aliuonyesha ulimwengu mlango akaficha kufuli. Tesla huyohuyo alisimulia pia kwamba alipomwendea ofisa mmoja wa serikali mjini Washington kumweleza alichoweza kufanya, ofisa alicheka. Hataza ya mashua iliisha muda wake bila jeshi kuinunua.

Kwamba swali halikuwa la kubuni lilionekana mapema. Mwaka 1901, katika mashindano ya mashua za matanga karibu na New York, makampuni shindani yalirusha habari kwa telegrafu isiyo na waya kwa wakati mmoja, na mawimbi yakaingiliana hadi ujumbe haukusomeka.

Mnara uliovunjwa

Mwaka 1899 Tesla alihamia kwa miezi kadhaa Colorado Springs, mji wa milimani, akajenga maabara ya kutoa radi za kutengeneza. Alirudi na ndoto kubwa: kupeleka habari, na hata umeme wenyewe, dunia nzima bila waya. Tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000, na mnara mrefu ukaanza kusimama mahali palipoitwa Wardenclyffe, nje ya jiji la New York.

Kabla haujakamilika, tarehe 12 Desemba 1901, Guglielmo Marconi alipokea herufi moja kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa vifaa vya bei nafuu zaidi. Morgan hakutoa fedha nyingine. Mnara ulivunjwa mwaka 1917, wakati eneo lenyewe lilikuwa limeshakwenda kwa hoteli aliyokuwa akidaiwa.

Wapo wanaosema Tesla alihujumiwa. Sisi tunadhani sehemu ya lawama ni yake. Aliamini kwamba nguvu yake inasafiri kupitia ardhini na hakuyapa uzito mawimbi ya angani, na kwa imani hiyo alitumia fedha nyingi kwa jambo ambalo lisingefanya kazi kama alivyotaka. Mtu yuleyule aliyeona mbali kuhusu risiva, kuhusu njia ya wimbi aliona vibaya.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhama hoteli hadi hoteli, madeni nyuma. Hakuoa. Alilisha njiwa kwenye bustani za jiji na kuwauguza walioumia chumbani kwake. Kuanzia mwaka 1934 kampuni ya Westinghouse ilimlipia pango. Tarehe 7 Januari 1943, akiwa na miaka 86, alifariki peke yake katika chumba namba 3327 cha Hoteli New Yorker.

Miezi mitano baadaye, tarehe 21 Juni 1943, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ambayo kampuni ya Marconi iliifungua dhidi ya serikali miaka mingi kabla. Mzozo ulikuwa juu ya zile saketi nne zilizolinganishwa. Mahakama ilisema Marconi hakuwa wa kwanza katika hilo, na kati ya waliotangulia ikamtaja Tesla, pamoja na Oliver Lodge na John Stone. Mara nyingi utasikia kwamba mahakama ilimtangaza Tesla kuwa mgunduzi wa redio. Haikusema hivyo. Ilibatilisha madai kadhaa ya hataza moja. Hata hivyo, lau ingetoka nusu mwaka mapema, angeisoma.

Kutoka kibanio cha nguo hadi namba ya siri

Ndege za mfano zenyewe zilichelewa. Mwaka 1937 ndugu mapacha wa Marekani, Walter na William Good, waliruka na ndege yao ya mfano iliyoongozwa kwa redio, na ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Kwa miaka mingi baada yao, hobi hii iliishi kwa kulinganisha masafa tu. Kila rimoti na kila risiva ilikuwa na kipande cha fuwele kinachopanga masafa yake, na fuwele hizo ziliuzwa jozi jozi. Uingereza, ndege zilipewa bendi ya megahezi 35. Uwanjani kulikuwa na ubao wenye vibanio kama vya nguo, kila kimoja na namba ya masafa. Usiposhika kibanio cha namba yako, huwashi rimoti. Mwenzako akiwasha kwenye masafa yako wakati ndege yako iko juu, ndege inakuja chini, na kama kuna watu chini, si hasara ya fedha tu.

Wakati Tesla akiwa bado hai, Agosti 1942, mcheza sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza ya kuongoza torpedo kwa wimbi linalorukaruka masafa 88, idadi ya vidude vya piano, transmita na risiva zikiruka kwa mpangilio mmoja. Shida ilikuwa ileile, kumzuia adui asiingilie.

Rimoti za leo za 2.4 zinatumia mawazo haya ya kuruka au kutawanya wimbi, kila kampuni kwa mpangilio wake. Mafundi huuita protokali. Juu yake kuna utambulisho: kila moduli ina namba yake ya kipekee, na risiva hufundishwa namba hiyo mara moja, ikaihifadhi. Ni kama simu yako na spika ya Bluetooth. Nyumba nzima ina simu, lakini spika inaiitikia ile iliyounganishwa nayo.

Kwa kijana wetu tulipeleka maelekezo ya fundi, na tunayaweka hapa kwa wengine. Kabla ya lolote, toa pangaboi kwenye mota. Kisha hakikisha moduli na risiva ni za protokali moja. Kampuni moja inaweza kuwa na protokali tatu zisizosikilizana, na nyingine zina programu ya soko la Ulaya na ya masoko mengine ambazo hazikubaliani, hata kama kifaa kwa nje kinafanana kabisa. Zikiwa sawa, weka moduli kwenye hali ya kuunganisha, bonyeza kitufe cha risiva huku ukiipa umeme, subiri taa itulie. Mwisho, panga risiva izime mota yenyewe pale wimbi linapopotea, kisha jaribu umbali ndege ikiwa chini na mtu ameishika.

Ilibainika moduli yake ilikuwa ya protokali nyingine kabisa. Aliyemuuzia alikubali wabadilishane. Juzi ametutumia picha ya risiva, taa imetulia, usukani unageuka. Ndege bado hajairusha. Anasema upepo wa mwezi huu ni mkali.